Kasisi wa Hutton Roof: Maisha na Utumishi wa Mchungaji Theodore Bayley Hardy

Baba Askofu, makasisi wenzangu, walimu na wanafunzi wa chuo, wazee wetu mliolitumikia jeshi, ndugu zangu nyote: nawasalimu katika jina la Bwana. Nawashukuru kwa kunikaribisha nizungumze nanyi juu ya mtu ambaye kwa muda mrefu nimetamani ajulikane zaidi miongoni mwetu. Huyo ni Mchungaji Theodore Bayley Hardy, kasisi wa kijiji cha Hutton Roof kaskazini mwa Uingereza, aliyefariki Oktoba 1918 akiwa kasisi wa jeshi huko Ufaransa, akiwa ametunukiwa nishani tatu za ushujaa, ikiwamo Msalaba wa Victoria ambao hauna wa juu yake, ilhali kazi yake vitani haikuwa ya kushika bunduki.

Ninalotaka kulisema juu yake ni moja, na ni vyema nilitaje mapema. Wengi wanaomtaja Hardy humtaja kwanza kama shujaa wa vita, kisha huongeza kwamba alikuwa pia mtu wa kanisa. Mimi nikisoma maelezo ya nishani zake, sentensi kwa sentensi, naona kazi ile ile anayoifanya kasisi yeyote wa parokia: kumtembelea mgonjwa, kumtafuta aliyeachwa nyuma, kuketi na mtu anayekata roho, kumzika aliyekufa. Kazi hiyo aliifanya kwanza katika miji na vijiji vya Uingereza, kisha akaenda kuifanya palipokuwa pagumu kuliko pote, na alipoombwa na wakubwa wake aiache, hakuiacha. Naomba mlishike hilo tunapoyapitia maisha yake.

Hardy alizaliwa mjini Exeter, kusini-magharibi mwa Uingereza, tarehe 20 Oktoba 1863. Baba yake, aliyekuwa mfanyabiashara wa kusafiri, alifariki watoto wakiwa bado wadogo, na mama yake akawalea huku akiendesha shule ndogo ya watoto. Alisoma London, akapata shahada ya Chuo Kikuu cha London mwaka 1889, na mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amemuoa Florence Elizabeth Hastings, harusi yao ikifungwa Belfast. Walijaliwa watoto wawili, William na Mary Elizabeth. Mwaka 1891 aliajiriwa kuwa mwalimu katika shule ya upili ya wavulana ya Nottingham, na hapo alidumu miaka 16. Miaka hiyo ni mirefu kuliko vita nzima, ni mirefu kuliko muda wote aliokaa Hutton Roof, lakini watu huipita haraka kwa sababu haina mizinga wala nishani.

Mimi sipendi kuipita haraka hivyo. Mtu aliyefundisha wavulana kwa miaka 16 anajua namna kijana anavyoficha hofu yake mbele ya wenzake. Anajua pia kwamba kijana hafunguki kwa anayemsimamia kutoka juu, bali hufunguka kwa anayekaa naye. Wakati huo huo wa ualimu ndipo alipoitikia wito wa upadirisho: alipewa ushemasi mwaka 1898 na ukasisi mwaka 1899, akiwa mtu wa miaka 35 hivi mwenye mke na watoto. Akawa anafundisha siku za wiki na kusaidia katika parokia za jirani, kwanza Burton Joyce, baadaye New Basford. Kwa hiyo ukasisi wake ulianzia pembezoni, kama msaidizi asiye na jina, na kwa kadiri ninavyomfahamu hakuwahi kudai nafasi iliyo kubwa zaidi ya hiyo.

Mwaka 1907 alihamia Bentham, katika jimbo la Yorkshire, kuwa mkuu wa shule ya kale ya mji huo. Afya ya mkewe ilikuwa ikizorota, na mwaka 1913 Hardy aliacha uongozi wa shule, akakubali kuwa kasisi wa Hutton Roof, kijiji kidogo cha wakulima na wafugaji wa kondoo kilicho karibu na mji wa Kirkby Lonsdale, kikitazamana na milima ya mawe ya chokaa. Alikuwa anakaribia miaka 50. Kwa desturi ya Kanisa la Uingereza wakati ule, parokia ya namna hii ilikuwa mahali pa kasisi kumalizia utumishi wake kwa utulivu: nyumba ya kasisi, kanisa dogo la mawe, ibada za asubuhi na jioni, ubatizo na maziko ya watu ambao kila mmoja anamjua mwenzake kwa jina. Nia ilikuwa Florence apate hewa safi na mapumziko. Hakuyapata kwa muda mrefu. Alifariki Juni 1914, na kabla miezi miwili haijatimia Uingereza ikaingia vitani.

Kuna watu husema, na nimelisikia hata kwa wanaomheshimu, kwamba Hardy alikwenda vitani kwa sababu alikuwa amefiwa na hakuona tena sababu ya kuishi, ya kwamba alikuwa anakitafuta kifo. Silikubali hilo, na nitaeleza kwa nini. Kwanza, majonzi yalikuwepo, hakuna anayeyakana. Lakini anayetafuta kufa hahangaiki kujifunza namna ya kufunga majeraha. Hardy aliomba kujiunga na makasisi wa jeshi tangu mapema, akakataliwa kwa sababu ya umri, akaomba tena, na katika kipindi hicho cha kungoja alijifunza huduma ya kwanza, kwa maana ya kuzuia damu, kufunga mfupa uliovunjika na kumbeba mtu kwenye machela bila kumuumiza zaidi. Hayo ni mafunzo ya mtu anayetaka wengine waishi. Pili, vijana wa kijiji chake na wanafunzi wake wa zamani walikuwa wameitwa jeshini, na kasisi aliyewafundisha na kuwabatiza watu hawezi kwa urahisi kubaki akihubiri kwenye viti vitupu.

Alikubaliwa hatimaye Agosti 1916, akiwa na miaka 52, akapewa daraja la nne la makasisi wa jeshi, linalolingana na cheo cha kapteni. Alipelekwa kwanza Étaples, kambi kubwa ya jeshi la Uingereza kwenye pwani ya Ufaransa, yenye hospitali nyingi na viwanja vya mazoezi. Kazi ilikuwepo hapo, na ilikuwa ya kutosha kwa mtu wa umri wake. Aliomba apelekwe mstari wa mbele. Desemba 1916 akaunganishwa na batalioni ya 8 ya Kikosi cha Lincolnshire, na akawa anawahudumia pia wanajeshi wa batalioni ya 8 ya Kikosi cha Somerset, batalioni zote mbili zikiwa katika brigedi ya 63 ya divisheni ya 37.

Hapa inafaa nieleze hali ya makasisi wa jeshi ilivyokuwa, kwa sababu bila hiyo hatuwezi kupima alichokifanya. Vita ilipoanza mwaka 1914 jeshi la Uingereza lilikuwa na makasisi 117 tu wa madhehebu yote, na ilipomalizika walikuwa wamepita 3,000. Katika miaka ya mwanzo makasisi wengi wa Kianglikana waliagizwa wabaki nyuma, kwenye hospitali na kambi, maana makamanda wengi waliwaona kuwa mzigo kwenye mahandaki. Askari hawakujua kwamba hayo ni maagizo. Walichokiona ni mtu wa Mungu anayewabariki wanapokwenda mbele, kisha yeye anarudi nyuma. Maneno ya uchungu yalisemwa juu ya makasisi, na mengine yalistahili kusemwa. Kufikia mwaka 1916 mtazamo huo ulikuwa umeanza kubadilika, na miongoni mwa walioubadilisha alikuwemo Geoffrey Studdert Kennedy, kasisi wa parokia moja ya mjini Worcester, ambaye askari walimpachika jina la sigara alizokuwa akiwagawia.

Hardy alipokuwa njiani kwenda kwa batalioni yake alikutana na Studdert Kennedy, aliyekuwa mdogo kwake kwa takriban miaka 20, na mzee huyu aliyekuwa mkuu wa shule akamwomba kijana ushauri. Ushauri aliopewa ulikuwa aishi na askari, aende kila wanakokwenda, ashiriki hatari zao zote. Abebe sigara kwenye mkoba na upendo mwingi moyoni. Aombe pamoja nao mara kwa mara, na awaombee siku zote. Mimi naguswa zaidi na yule aliyeuliza kuliko aliyejibu. Si jambo dogo kwa mtu wa miaka 53, aliyezoea kusikilizwa na walimu na wanafunzi, kumgeukia kijana na kumwambia, nifundishe kazi hii.

Basi akaufuata ushauri ule neno kwa neno. Jua likizama, mkoba wake ukiwa na sigara na peremende, Hardy alianza mizunguko ya handaki kwa handaki, akaenda hadi kwenye vituo vya mbele kabisa ambako askari wawili au watatu walikesha kwenye shimo wakilitazama giza. Mzunguko huo mtu hawezi kuufanya mchana, maana kichwa kikionekana juu ya ukingo hupigwa risasi. Usiku nao una hatari yake: mlinzi mwenye usingizi na woga, kidole kikiwa kwenye bunduki, anasikia nyayo nyuma yake. Hardy alizoea kujitambulisha kwa maneno yale yale, kwa sauti ya chini: ni mimi tu, vijana. Maneno hayo yakajulikana katika batalioni nzima. Alikaa kidogo, akagawa sigara, akauliza habari za nyumbani, akapokea barua ya kupeleka nyuma, akaendelea na safari. Alfajiri ndipo aliporudi. Kasisi yeyote aliyewahi kuzunguka nyumba za wagonjwa katika parokia yake anaitambua kazi hiyo, ingawa sisi tunaifanya mchana na hakuna anayetulenga.

Mwaka 1917 divisheni yake ilipelekwa Ubelgiji, katika mapigano makubwa ya karibu na mji wa Ypres. Ardhi ya huko ni udongo wa mfinyanzi ulio chini, na kwa karne nyingi wakulima waliikausha kwa mifereji. Mizinga iliivunja mifereji hiyo yote, kisha mvua kubwa zikanyesha, na mashimo ya mabomu yakajaa maji na tope zito. Mtu aliyeteleza kutoka kwenye mbao za kukanyagia aliweza kuzama hadi kiunoni, na kila alivyojitahidi kutoka ndivyo alivyozidi kushuka. Majeruhi wengi walikufa maji ndani ya mashimo hayo.

Katika mazingira hayo kulikuwa na askari walionaswa kwenye tope tangu usiku uliotangulia, katikati ya vituo vya adui na vya Waingereza. Kundi la uokoaji liliundwa, na Hardy akajitolea kwenda nalo, mkono wake mmoja ukiwa umefungwa banzi kwa kuumia. Wote walitolewa isipokuwa mmoja, ambaye hawakuweza kumvuta. Hardy alibaki naye. Alikaa naye usiku kucha, risasi zikipita, akimhudumia mwili na roho, hadi yule askari alipokata roho. Kwa tendo hilo alipewa nishani ya maofisa ya utumishi uliotukuka.

Naomba tulitazame tendo hilo kwa makini kidogo, kwa sababu mara nyingi husimuliwa haraka ili watu wafikie Msalaba wa Victoria. Kwa hesabu za kijeshi, usiku ule haukuleta chochote. Yule askari hakuokoka. Mkono mmoja wa kasisi mzee haukuweza kumtoa topeni. Ofisa mwenye busara angesema kwamba hakuna faida ya kuongeza roho ya pili hatarini kwa ajili ya mtu ambaye hawezi kupona, na kwa hesabu zake asingekosea. Hardy alibaki kwa sababu katika kazi yake mtu anayekufa hahesabiwi kuwa ameshakwisha. Ana haki ya kushikwa mkono, kusikia zaburi, kutamka jina la mama yake kwa mtu anayemsikiliza. Jeshi lilimpa nishani kwa kufanya kile ambacho Kanisa lilimwekea mikono akifanye.

Nishani ya pili ya mwaka huo, Msalaba wa Kijeshi, ilitolewa kwa kuwahudumia majeruhi mahali palipopigwa mizinga mfululizo na kuua wengi, yeye akiwatafuta waliolala, akisaidia kuwabeba na kuwaongoza wabeba machela hadi kituo cha tiba.

Kisha ikaja masika ya 1918. Wajerumani walifanya mashambulizi makubwa Machi mwaka huo, na mwezi Aprili divisheni ya 37 ilikuwa inashikilia eneo la karibu na vijiji vya Bucquoy na Gommecourt, kaskazini mwa Ufaransa. Maelezo rasmi ya Msalaba wa Victoria, yaliyotangazwa tarehe 11 Julai 1918, yanataja matukio matatu ya mwezi huo wa Aprili, na yanatanguliza neno juu ya umri wake: kwamba ingawa alikuwa amepita miaka 50, nguvu na ustahimilivu wake ungeshangaza hata kwa mtu mdogo zaidi, na kwamba mwenendo wake wa kimya, usiotafuta kuonekana, ulimpatia heshima ya divisheni nzima.

Tukio la kwanza: doria ilitoka usiku kushambulia kituo cha adui katika magofu ya kijiji. Hardy alikuwa makao makuu ya kombania. Aliposikia milio ya risasi aliifuata doria hiyo, na yadi kama 400 mbele ya vituo vya mwisho vya Waingereza akamkuta ofisa aliyejeruhiwa vibaya. Alikaa naye hadi ulipopatikana msaada wa kumbeba. Wakati huo doria ya Wajerumani ilipita katikati, baina ya mahali alipolala majeruhi na mstari wa Waingereza, ikateka askari watatu. Yaani kwa muda fulani kasisi na majeruhi wake walikuwa nyuma ya adui.

Tukio lingine: kombora lilianguka katikati ya kituo na kuwafukia watu chini ya kifusi cha jengo. Hardy akaenda mara moja, mizinga ikiendelea, akaanza kuchimba. Juu yake ulikuwepo ukuta uliopasuka na uliokuwa tayari kuanguka. Mtu wa kwanza, aliyekuwa amefukiwa mwili mzima, alimtoa akiwa hai. Akaendelea kumchimbua wa pili, na huyo akamkuta amekwisha kufa.

Tukio la tatu ndilo ninalolirudia mara nyingi ninaposoma. Waingereza walishambulia msitu, wakafanikiwa asubuhi, kisha wakarudishwa hatua kwa hatua hadi kwenye handaki walikoanzia. Kila mmoja aliamini kwamba hakuna mtu wao aliyebaki msituni. Ndipo Hardy akatokea kutoka msituni, akafika kwenye kituo cha mbele, akaomba msaada, maana kulikuwa na majeruhi amelala huko na peke yake hakuweza kumbeba. Majeruhi huyo alikuwa umbali wa yadi kumi tu kutoka ngome ndogo ya zege ambayo Waingereza waliiteka asubuhi na Wajerumani wameirudisha mikononi mwao. Sajini mmoja akajitolea kwenda naye. Majeruhi hakuweza kusimama kwa udhaifu, lakini wawili hao walimkokota hadi wakamfikisha. Yadi kumi, ndugu zangu, ni kama kutoka hapa niliposimama hadi viti vya safu za katikati, na ndani ya ile ngome kulikuwa na watu wenye silaha.

Katika Vita Kuu ya Kwanza makasisi watatu tu wa jeshi la Uingereza walipewa Msalaba wa Victoria: Noel Mellish, aliyekuwa kasisi msaidizi huko Deptford, London, William Addison, aliyewahudumia majeruhi huko Mesopotamia, na Hardy. Wote watatu waliupata kwa ajili ya majeruhi. Wapo wanaoshindana juu ya nani alipata nishani nyingi zaidi kati ya wasiobeba silaha, na mara nyingi Hardy hutajwa pamoja na mbeba machela William Coltman. Sioni sababu ya kuwashindanisha watu ambao maisha yao yote walikuwa wanainua mizigo ya wengine.

Tarehe 9 Agosti 1918, katika kijiji cha Frohen-le-Grand, Mfalme George wa Tano mwenyewe alimvisha Hardy nishani hiyo. Binti yake, aliyekuwa anafanya kazi ya kuwahudumia majeruhi upande wa Ufaransa, alihudhuria. Ipo picha ya siku hiyo: mfalme akiwa amevaa sare, na mbele yake mzee mwembamba, mdogo wa umbo, mwenye nywele zenye mvi, ambaye usingejua kuwa ni shujaa wa chochote ungemkuta barabarani. Mfalme aliguswa naye, na mwezi uliofuata akamteua kuwa mmoja wa makasisi wake. Nia haikufichika. Uteuzi huo ulikuwa njia ya heshima ya kumrudisha nyumbani akiwa hai. Dayosisi yake nayo, Carlisle, ilimpa nafasi ya kuwa kasisi wa Caldbeck, parokia nzuri katika wilaya ya maziwa, yenye mapato bora kuliko ya Hutton Roof. Mfalme, askofu na maofisa wake wote walikuwa wanamwambia kwa lugha tofauti jambo moja: umefanya ya kutosha, rudi. Alikataa, akabaki na batalioni.

Nalazimika kusema neno hapa juu ya jambo ambalo lisiposemwa hotuba hii itakuwa ya upande mmoja. Kanisa la Uingereza katika vita ile halikuwa na mikono safi. Maaskofu walihubiri vita kutoka mimbarani kana kwamba ni vita vitakatifu, wakawahimiza vijana kuandikishwa, na Wajerumani waliokuwa ng'ambo ya pili nao walikuwa na makasisi wao wanaomwomba Mungu huyo huyo. Ushujaa wa Hardy hauifanyi vita ile kuwa ya haki. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulikumbuka hilo, kwa maana vita ile ile ilifika kwetu, na majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yametokana na kikosi cha wapagazi ambamo maelfu kwa maelfu ya Waafrika walibeba mizigo ya majeshi ya wageni, na wengi mno wakafa kwa njaa, uchovu na maradhi. Mwaka 1916, mwaka ule ule Hardy alipopelekwa Ufaransa, Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwakusanya wapagazi wa visiwani na kutembea nao mwenyewe bara, kwa miguu, akishiriki safari yao. Na vita ilipokwisha alipaza sauti dhidi ya kazi za kulazimishwa ambazo serikali ya kikoloni ilitaka kuziendeleza. Weston na Hardy walikuwa watu tofauti sana kwa tabia, lakini wote wawili waliona kwamba mchungaji hawezi kuwatuma watu mahali ambapo yeye mwenyewe hafiki.

Oktoba 1918 vita ilikuwa inaelekea mwisho, na jeshi la Uingereza lilikuwa linasonga mbele kuvuka mito ya kaskazini mwa Ufaransa. Tarehe 11 Oktoba, karibu na Briastre, kwenye mto Selle, Hardy alikuwa pamoja na watu wake kama kawaida yake usiku, na bombomu ya Wajerumani ikampiga pajani. Wanaosimulia wanasema kwamba alipopigwa aliwaomba radhi waliokuwa karibu kwa kuwasumbua. Alipelekwa hospitali ya Msalaba Mwekundu mjini Rouen. Jeraha lenyewe halikuonekana kuwa la kuua, lakini ilimshika nimonia, na tarehe 18 Oktoba 1918 akafariki, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 55, na siku 24 kabla ya bunduki kunyamaza. Alizikwa Rouen, katika makaburi ya St Sever, kati ya maelfu ya askari. Kanisa kuu la Carlisle lina kumbukumbu yake, kanisa la Hutton Roof pia.

Baba Askofu, muda niliopewa umekwisha, na nisingependa kuumeza muda wa majadiliano. Wanafunzi wengi hapa wataitwa kuwa makasisi wa hospitali, magereza na majeshi, kwa hiyo ningeomba tuanze na Caldbeck. Mtu mwenye miaka 54, aliyekwisha kutoa zaidi ya alivyodaiwa, mwenye watoto wawili waliokuwa wamempoteza mama, aliyeitwa na askofu wake kwa parokia iliyomhitaji, je, alikuwa na haki ya kukataa? Utii kwa askofu tumeuahidi sote siku ya kuwekwa wakfu. Mimi naamini alifanya sawa, kwa sababu waliomhitaji zaidi walikuwa bado kwenye mahandaki na hawakuwa na uwezo wa kukataa; lakini najua miongoni mwenu wapo wanaoona vingine, na kwa sababu nzuri, nami niko tayari kuwasikiliza.